Mhadhiri Anapoacha Chuo

Mhadhiri anayeacha chuo kikuu baada ya miaka kumi au kumi na mitano haachi kazi moja. Anaacha kazi tano au sita zilizokuwa zimefungwa pamoja chini ya cheo kimoja: kufundisha, kutunga na kusahihisha mitihani, kusimamia tasnifu, kuandika maandiko ya kuomba fedha, kukaa kwenye kamati, na utafiti, ambao kwa wengi hufanyika usiku watoto wakishalala. Nje ya chuo kazi hizo hazikai pamoja. Mwajiri wa nje hununua moja au mbili kati yake na zilizobaki hana haja nazo. Kwa hiyo kabla ya kuulizia nafasi zilizo wazi, mhusika anapaswa kujua ni ipi kati ya kazi hizo angependa kuendelea nayo, na ipi imemchosha kabisa. Anayependa darasa lakini amechoshwa na makala za majarida hana njia moja na anayependa takwimu lakini huugua kila anapokabidhiwa vitabu mia tatu vya majibu.

Sababu za kuondoka nazo zinafaa kutenganishwa, maana dawa zake hazifanani. Zipo zinazotokana na mahali: mkuu wa idara asiyeelewana na watu, chuo binafsi kinachochelewesha mishahara, au, kwa upande wa Kenya, migomo inayozuka pale makubaliano ya mishahara kati ya serikali na chama cha wahadhiri, UASU, yasipotekelezwa kwa wakati. Baadhi ya hizo huponywa kwa kuhamia chuo kingine tu. Zipo zinazotokana na ngazi yenyewe. Tanzania mtu huanzia mkufunzi msaidizi, akapanda kuwa mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, hadi profesa, na machapisho ndiyo yanayompandisha zaidi kuliko ubora wake darasani. Aliyekwama kwenye uhadhiri msaidizi kwa sababu uzamivu haujaisha hayuko sawa na mhadhiri mwandamizi aliyechoka. Yule wa kwanza mara nyingi hunufaika akimaliza shahada ndipo aondoke. Lakini kama miaka inapita na tasnifu haisogei hata sura moja, kuing'ang'ania ni hasara juu ya hasara. Na zipo sababu zinazomfuata mtu popote aendako. Anayechukia kuandika ripoti asitarajie kuzikwepa kwenye shirika lisilo la kiserikali, ambako ripoti huandikwa kila robo mwaka kwa muundo aliouchagua mfadhili.

Umri una hesabu yake. Katika utumishi wa umma Tanzania mtu hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60, ila maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma wamesogezewa hadi 60 na 65. Mwenye cheo hicho akiondoka na miaka 50 anaiacha nyuma miaka 15 ya mshahara wa uhakika. Hilo halimzuii, lakini kazi mpya lazima iifidie miaka hiyo kwa namna fulani, iwe fedha, muda, afya, au kuishi karibu na familia.

Kabla barua ya kuacha kazi haijaandikwa, faili linapaswa kusomwa. Vyuo vingi vya umma husomesha wahadhiri wao, au huwapa ruhusa ya masomo yenye mshahara, kwa mkataba unaowafunga kutumikia chuo kwa muda fulani wakirudi. Anayeondoka kabla ya muda huo hudaiwa gharama, na mdhamini aliyetia saini huweza kudaiwa pamoja naye. Wengi walitia saini huku wakikimbizana na viza na hawajausoma mkataba huo tangu siku ile. Deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nalo haliishi kwa kubadilisha mwajiri: Tanzania mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na anayekwenda kujiajiri atalazimika kupanga mwenyewe namna ya kuendelea kulipa.

Mikopo ya benki ni kubwa zaidi na husahaulika zaidi. Mtumishi aliyekopa kwa dhamana ya mshahara ili amalize nyumba au anunue gari ameiahidi benki mshahara ambao karibu utakoma kupita kwenye akaunti. Ni heri kwenda kuzungumza na benki ratiba ya marejesho ikiwa bado iko sawa kuliko baada ya awamu mbili kupita bila malipo. Katika SACCOS kuna jambo la ziada: anayeondoka huenda amewadhamini wenzake, na akiba yake haitatoka mpaka wao wamalize kulipa au wapate mdhamini mwingine.

Pensheni inahitaji kalamu na karatasi. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma Tanzania, PSSSF, ulioanza Agosti 2018 kwa kuunganishwa kwa PSPF, LAPF, PPF na GEPF, unataka michango ya miezi isiyopungua 180 ili mtu astahili pensheni ya kila mwezi. Mwenye miezi 170 ana sababu nzuri ya kusubiri mwaka mmoja. Mwenye miezi 60 hana. Katika mfuko huo mwajiri huchangia asilimia 15 ya mshahara na mtumishi asilimia 5. Sekta binafsi, chini ya NSSF, jumla ni ile ile 20 lakini kwa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu, hivyo mishahara miwili inayolingana kwenye karatasi hailingani mkononi. Namna michango ya mfuko mmoja itakavyohesabiwa pamoja na ile ya mfuko mwingine iulizwe kwa maandishi na jibu lihifadhiwe. Tena fao la upotevu wa ajira halimhusu aliyejiuzulu kwa hiari yake, kwa hiyo lisiwekwe kwenye bajeti ya miezi ya mwanzo.

Notisi yenyewe ni fupi. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zote zinaweka siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, ingawa mkataba wa chuo unaweza kutaka zaidi. Kiheshima, notisi ya kweli ni kalenda ya masomo. Anayeondoka wiki ya tisa ya muhula huwaachia wenzake kozi zisizo na mwalimu, na wenzake hao ndio watakaopigiwa simu siku mwajiri mpya akiulizia tabia yake. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu wakabidhiwe msimamizi mwingine kwa barua inayopita idarani, wakiwa na maelezo ya walipofikia. Kosa baya kuliko yote ni kuanza kazi mpya kimyakimya na kuacha ya zamani ijifie. Katika utumishi wa umma Tanzania, kutoonekana kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku 5 ni kosa la kufukuzwa, na anayefukuzwa kwa utoro hubeba doa litakalomzuia hata siku atakapotaka kurudi serikalini.

Mfano wa Wangari Maathai wa Kenya unafaa kusomwa kwa upande wa kuacha chuo, ambao hutajwa mara chache. Alifanya kazi Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 1966, akafikia uprofesa mshiriki katika anatomia ya wanyama. Mwaka 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge. Aliondolewa kwenye kinyang'anyiro kwa hoja kwamba hakuwa ameandikishwa kuwa mpiga kura, akaomba arudishwe kazini, chuo kikakataa, na nyumba ya chuo aliyokuwa akiishi ikabidi aihame. Hakuwa na mshahara wala makazi, lakini alikuwa na shughuli: harakati yake ya Green Belt Movement ilikuwa imeanza mwaka 1977, akiwa bado mwajiriwa. Miaka hiyo mitano ya kuijenga pembeni ndiyo iliyompa mahali pa kusimama. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004 ilikuja baada ya safari ndefu sana, na hakuna mhadhiri anayeweza kuipangia bajeti.

Njia za kujenga shughuli pembeni bila kuvunja mkataba zipo, na ni ajabu jinsi zinavyotumiwa kidogo. Likizo ya sabato, ambayo wengi huitumia kuandika kitabu au kufundisha chuo cha jirani, inaweza kutumika kukaa mwaka mzima katika taasisi ya nje na kuona kazi yake ilivyo Jumatatu asubuhi. Mtumishi wa umma anaweza kuazimwa na wizara au wakala, cheo chake kikabaki chuoni. Likizo bila malipo hutolewa kwa masharti magumu zaidi, lakini hutolewa. Njia iliyo karibu zaidi ni ushauri elekezi. Vyuo vingi vina utaratibu unaotaka kazi za namna hiyo zipitie chuoni na chuo kichukue sehemu yake; mhadhiri hulalamikia mgao huo, lakini ankara iliyopita kwenye mfumo rasmi ni ushahidi ambao mwajiri wa baadaye anaweza kuuthibitisha. Kazi mbili tatu ndogo zilizolipwa na kukabidhiwa kwa wakati hueleza mengi ambayo shahada haielezi.

Soko la nje ni pana kuliko linavyoonekana kutoka ofisi ya idara. Zilizo karibu zaidi na maisha ya chuo ni taasisi za utafiti: Ifakara, REPOA na NIMR kwa Tanzania, APHRC, ILRI na icipe jijini Nairobi. Hii ya mwisho ilianzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa mwenyewe akifundisha chuo kikuu jijini humo. Katika taasisi hizi utafiti ndio kazi ya mchana na hakuna mitihani ya kusahihisha, ila mikataba mingi huenda na mradi, na mradi ukiisha mtu hutafuta fedha za mwingine. Tofauti kubwa iko kwenye swali la utafiti. Chuoni mtafiti hujichagulia swali, hata kama hapewi fedha. Huku nje swali huja na fedha zake, limeandikwa tayari kwenye hadidu za rejea, na kazi ya mtaalamu ni kulijibu lilivyo. Anayeshindwa kuvumilia hilo asome onyo hili mara mbili, kwa sababu ndilo linalowarudisha wengi chuoni kuliko mshahara.

Mashirika yasiyo ya kiserikali huajiri zaidi kwenye ufuatiliaji na tathmini, na wahadhiri wa sosholojia, uchumi, elimu na afya ya jamii huingia humo kwa urahisi. Benki, kampuni za simu na za bima zinatafuta watu wa takwimu. Mwalimu wa hisabati au takwimu anayeweza kuandika programu ana nafasi nzuri huko kuliko anavyodhani, na asiyeweza ana miezi sita ya kujifunza. Wachapishaji wa vitabu vya shule huhitaji wahariri kila mtaala unapobadilika. Wahadhiri wa Kiswahili, ambao zamani walionekana hawana pa kwenda, wamefunguliwa mlango na tafsiri na ukalimani: SADC iliipokea lugha hii kuwa rasmi mwaka 2019, Umoja wa Afrika ukaifanya lugha ya kazi mwaka 2022, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Lakini kujua isimu si kujua ukalimani. Kukaa kwenye kibanda na kufasiri hotuba papo hapo ni ufundi unaofunzwa peke yake, na mwenye uzamivu wa fonolojia ataanza nao kama mwanafunzi.

Uteuzi wa kisiasa huzungumzwa sana kwenye vyumba vya wahadhiri, na si bila sababu. Benno Ndulu alifundisha uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapitia Benki ya Dunia, na kuwa gavana wa Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2008. Aliyemrithi mwaka 2018, Florens Luoga, alikuwa profesa wa sheria. Kenya, Njuguna Ndung'u alitoka kufundisha uchumi Nairobi hadi ugavana wa Benki Kuu mwaka 2007. Uteuzi ukija unapokelewa au unakataliwa. Kuusubiri si mpango wa kubadilisha kazi.

Fani zenye leseni zina ukuta ambao umaarufu wa darasani hauubomoi. Aliyefundisha sheria ya mikataba kwa muongo mzima hasimami mahakamani kama wakili kwa sababu hiyo tu. Lazima aandikishwe, na njia ya kawaida ya kufika huko hupitia Shule ya Sheria Tanzania, au Kenya School of Law kwa upande wa Kenya. Mhandisi anayetaka kusaini michoro Tanzania huhitaji usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mhasibu huhitaji kutambuliwa na NBAA. Usajili huu ni rahisi kuutafuta mtu angali chuoni, akiwa na mshahara na watu wa kumtolea ushahidi wa uzoefu.

Wasifu wa kitaaluma wa kurasa kumi na nne haufai kupelekwa nje kama ulivyo. Msomaji wa nje atasoma kurasa mbili, na hata hizo kwa haraka. Orodha ya machapisho ifupishwe hadi mstari mmoja unaotaja idadi na mada. Orodha ya kozi zilizofundishwa itoke kabisa, isipokuwa kazi inayoombwa ni ya mafunzo. Nafasi hiyo ichukuliwe na kazi zilizofanyika nyuma ya machapisho, kwa sababu hizo ndizo zinazonunuliwa. Makala moja kuhusu lishe vijijini huenda ilihitaji kupata kibali cha COSTECH na cha maadili kutoka NIMR, kuajiri na kufundisha wadadisi, kukodi magari, kuzungumza na wakuu wa wilaya, kusimamia fedha za mfadhili na kuzitolea hesabu, kusafisha data, kisha kuandika. Kwenye wasifu wa chuo yote hayo yamefichwa nyuma ya jina la jarida. Kwenye wasifu wa nje jina la jarida ndilo linaloweza kukosekana, na idadi ya kaya, mikoa, wadadisi, miezi na kiasi cha fedha ndivyo vinavyoandikwa. Waliofundisha madarasa ya watu mia tano wakiwa na wasaidizi wanne wamesimamia watu na ratiba. Waliokaa kamati ya manunuzi wanajua zabuni. Wengi huona aibu kuyataja haya, kana kwamba ni ya kikarani.

Kwenye usaili mwajiri huwa na hofu tatu ambazo hazisemi: kwamba daktari huyu atawahutubia, kwamba hatakubali kuagizwa na bosi mwenye miaka 32, na kwamba ataondoka mara chuo kitakapompandisha cheo. Ni busara zijibiwe kabla hazijaulizwa. Ya kwanza hujibiwa kwa namna ya kuzungumza: jibu kwanza, sababu baadaye, historia ya mjadala isitajwe mpaka itakapoombwa. Mhadhiri amezoea kuanza na usuli, na kwenye usaili wa dakika arobaini usuli humaliza dakika zote. Ya pili na ya tatu hujibiwa kwa mifano, na kwa wadhamini wasio wa chuo. Barua ya profesa mwenzake inayosifu mchango wake katika nadharia ina uzito mdogo kuliko sentensi tatu za meneja wa mradi anayesema kazi ilifika siku iliyoahidiwa. Kuhusu cheo cha Dkt., kiandikwe mara moja juu ya wasifu. Ofisi nyingine zitakitumia, nyingine zitamwita mtu kwa jina lake la kwanza tangu siku ya kwanza, na namna zote mbili hazina maana ya ziada.

Anayekwenda kujitegemea kama mshauri elekezi ana hesabu nyingine. Tanzania atahitaji namba ya mlipakodi kutoka TRA, na akitaka kutumia jina la biashara atalisajili BRELA. Mteja atamkata kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla ya kumlipa, na kiwango hicho ndicho kinachotumika pia Kenya kwa ada za kitaalamu za mkazi. Cheti cha makato kidaiwe na kutunzwa, maana kitapunguza kodi ya mwisho wa mwaka. Bei ya siku moja haipatikani kwa kugawanya mshahara wa zamani kwa siku 22. Kati ya siku za mwezi, nyingi zitaishia kwenye kuandika maombi ambayo hayatashinda, na siku hizo lazima zilipwe na zile zilizouzwa, pamoja na bima ya afya na akiba ya uzeeni ambavyo zamani mwajiri alivichangia. Malipo huchelewa: awamu ya mwisho hutolewa ripoti ikishakubaliwa, na kukubaliwa kwa ripoti huweza kuchukua miezi. Akiba ya matumizi ya miezi sita ni kiwango cha chini chenye akili, na asiyekuwa nayo asiondoke Desemba, kabla ya ada za shule za Januari.

Mwaka wa kwanza huwa mgumu kwa sababu ambazo hazitarajiwi. Kazi yenyewe si ngumu. Kinachosumbua ni kwamba inatakiwa ikiwa nzuri kiasi cha kutosha, Ijumaa, wakati mazoea ya miaka yote yalikuwa kuirudia mpaka iwe haina pa kushikwa. Maandishi hutoka bila jina la mwandishi. Data ni mali ya mteja, na kifungu cha usiri huzuia kuichapisha. Anayetarajia kuandika makala kutokana na kazi ya mkataba aombe kifungu cha kumruhusu kabla ya kutia saini, kwa kuwa baadaye hakiombeki.

Mlango wa kurudi chuoni haufungwi kabisa, ila huzidi kuwa mwembamba. Bitange Ndemo alitoka kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa katibu mkuu wa wizara ya habari na mawasiliano kuanzia 2005 hadi 2013, kisha akarudi kufundisha. Alirudi na jina. Mtu wa kawaida hurudi na kile alichochapisha akiwa nje. Kamati za ajira na za kupandisha vyeo huhesabu machapisho, na miaka mitano isiyo na kitu humrudisha mtu kwenye cheo kile kile alichokiacha au chini yake. Anayetaka kuacha njia hiyo wazi aendelee kufundisha kozi moja kwa muda au kuwa mtahini wa nje pale mwajiri mpya anaporuhusu, atoe walau makala moja kila mwaka mmoja au miwili, na awamalizie wanafunzi wa uzamivu waliokaribia kuwasilisha tasnifu, kwa makubaliano yaliyoandikwa na idara kuhusu nani atatajwa kuwa msimamizi na nani atalipwa.